Kompyuta ya gemu kwa bajeti finyu: shajara ya mradi

Januari 10, 2026: Mafungu 100

Pesa ya mradi huu imeshafungwa, haitaongezeka katikati ya safari. Sitaiandika kwa sarafu yoyote, kwa kuwa bei za vifaa hubadilika kila mara na ya kwangu haitakuwa ya kwako. Nimeigawa yote mafungu 100, na kila kitakachonunuliwa nitasema kimekula mafungu mangapi. Anayetaka kuiga aangalie uwiano.

Vitu nilivyonavyo tayari, visivyoingia kwenye hesabu, ni kibodi, kipanya, diski kuu ya zamani na skrini ya 1080p inayofika herzi 144, yaani hubadili picha mara 144 kwa sekunde. Nimeanza na skrini kwa makusudi. Wengi huanza na kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu), halafu wanatafuta skrini inayoistahili, na bajeti inakufa hapo. 1080p ni pikseli 2,073,600. 1440p ni pikseli 3,686,400, yaani karibu mara 1.8 ya kazi kwa kila fremu (kila picha moja inayochorwa). Kwa kukubali kubaki 1080p nimeshaokoa pesa kabla sijanunua hata skrubu.

Gemu zenyewe ni za aina mbili. Kuna za mtandaoni kama Counter-Strike 2, ambazo hudai prosesa (ubongo wa kompyuta) na raha yake iko kwenye wingi wa fremu. Kuna na zile kubwa za hadithi, ambazo hudai kadi, na hizo nikipata fremu 60 kwa sekunde bila kukwamakwama sina neno.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: pesa itangulie kwenye kifaa ambacho kukibadilisha baadaye kunamaanisha kufumua mashine nzima. Kinachoweza kuongezwa kwa bisibisi na dakika chache kinunuliwe kidogo kwanza. Kwa hiyo ubao mama (bodi inayobeba vifaa vyote) na pawa saplai (inayovigawia umeme) havitapunjwa, ila RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (hifadhi ya mafaili) na feni vitaanza vidogo. Tutaona kanuni itafika wapi.

Mgawanyo wa mwanzo: kadi 36, prosesa 18, ubao mama 12, pawa saplai 9, RAM 8, SSD 8, kasha 5, akiba 4.

Januari 17: Prosesa na ubao mama

AM5, soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya AMD iliyoifuata AM4, niliitoa mapema. Soketi hiyo hutumia DDR5 tu (kizazi cha RAM baada ya DDR4), na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu viwanda vya chipu vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia. DDR4 nayo imepanda, lakini yake iliyotumika bado inapatikana mikononi mwa watu. Basi uwanja ukabaki na timu mbili: AM4 ya AMD, na LGA 1700 ya Intel kwenye bodi za DDR4.

Core i3-12100F, prosesa ya Intel, nusura niichukue. Ina viini 4 na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa pamoja), ni nyepesi mkononi na gemu nyingi inazimudu vizuri. Kilichonirudisha ni bodi zake: iliyotumika ya LGA 1700 yenye DDR4 ilikuwa inadai mafungu mengi kuliko AM4 yenye sifa zilezile, na faida ya prosesa nafuu ikaliwa palepale.

Upande wa AM4 kuna mtego wa majina, na huo ndio wa kuusoma kwa makini. Ryzen 5 5500, 5600G na 5600 zote zina viini 6 na nyuzi 12, na kwa macho ya haraka zinafanana. Hazifanani. 5600 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 32 na inazungumza PCIe 4.0 (njia ya data ya kadi na SSD). 5500 na 5600G zina megabaiti 16 na zinaishia PCIe 3.0. Gemu hupenda kashe kubwa, kwa kuwa kila data inayokutwa humo ndani ni safari moja ya kwenda kwenye RAM iliyookolewa. 5600G ina grafiki yake ya ndani, kwa hiyo ni chaguo la maana kwa asiyenunua kadi kabisa. Kwa anayenunua kadi ni kulipia kitu kitakacholala. Nimechukua 5600 mpya, na kipoozaji chake kimo ndani ya boksi. Mafungu 17.

Ubao mama nimechukua B450 (daraja mojawapo la bodi za AM4) wa mtumba, mafungu 9. Vitu vitatu vilinifanya niukubali. Kwanza, una nafasi nne za RAM. Pili, chuma cha kupoza kimefunika sehemu inayolisha prosesa umeme. Tatu, nyuma una kitufe cha kuandika BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) upya kupitia flashi, hata prosesa ikiwa haijafungwa. Hicho cha tatu kikumbuke. B550 ingenipa PCIe 4.0 kwa kadi, lakini tofauti ya bei niliona ikafanye kazi kwingine. Prosesa ikizeeka, bodi hii itapokea 5700X3D au 5800X3D, zenye L3 ya megabaiti 96, bila kugusa kingine chochote.

Januari 24: Pawa saplai, na ile iliyokuja na kasha

Kasha nimelipata kwa mafungu 5, na ndani yake muuzaji kaweka pawa saplai ya bure iliyoandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Sikuitumia. Sababu iko kwenye kibandiko chake, na kila mtu anaweza kukisoma mwenyewe.

Usisome namba kubwa ya juu. Tafuta safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi vyote hula hapo, kisha zidisha volti kwa ampea. Hiyo ya bure imeandikwa ampea 23 kwenye volti 12: 12 × 23 ni wati 276. Zile wati nyingine zinazodaiwa zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo inagusa kidogo tu. Kwa hiyo ni kifaa cha wati 270 hivi kilichovaa jina la 500.

Mahitaji yangu: kadi ninayoilenga hula wati 132, prosesa yangu ikibanwa hufika 76, na bodi, SSD na feni niliziwekea 50. Jumla 258. Kwa karatasi ile ya bure ingeshikilia kwa ukucha, lakini matumizi ya kadi hayatulii. Hupanda kwa ghafla kwa muda mfupi sana, na pawa saplai dhaifu hujizima au, vibaya zaidi, haijizimi. Tena haikuwa na waya wa pini 8 wa kadi. Kulikuwa na kigeuzi cha kuunga kutoka kwenye waya za diski, jambo ambalo sitalifanya.

Nimenunua mpya ya wati 550, ampea 45 kwenye volti 12, yaani wati 540 za kweli. Mafungu 10, moja zaidi ya mpango. Ina alama ya 80 Plus Bronze, lakini nisieleweke vibaya: alama hiyo hupima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu ubora wa kinga za ndani. Kwa hilo tafuta mtu aliyeifungua na kuipima modeli yenyewe.

Hiki ni kifaa pekee nisichokitafuta mtumba. Kadi iliyochoka hukuonyesha madoa kwenye kioo. Pawa saplai iliyochoka hukaa kimya mpaka siku inayoondoka na wenzake.

Februari 1: Kadi ya grafiki

Nimepitia tano, nitaandika kwa nini nne hazikuja nyumbani.

RX 6500 XT mpya ilikuwa ndani ya bajeti na ilinibembeleza sana, maana mpya ina dhamana. Tatizo lake ni njia. Kadi hii hutumia mistari minne tu ya PCIe. Kwenye bodi ya 4.0 inapata gigabaiti 8 hivi kwa sekunde. Kwenye B450 yangu ya 3.0 inabaki na 4. Kumbukumbu yake nayo ni gigabaiti 4, ambayo gemu za sasa huijaza upesi, na ikijaa data hutapakaa kwenye RAM na kuanza kupita kwenye hiyo njia nyembamba. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 mateso yangepungua. Kwenye yangu ni kununua kukwamakwama. Isitoshe, haina uwezo wa kurekodi video kwa H.264 (muundo wa video) kwenye chipu yake.

RX 580 ya gigabaiti 8 ndiyo nafuu kuliko zote. Lakini ni kadi ya 2017, inakula wati 185, na tangu 2023 AMD imezihamishia kadi za kizazi hicho kwenye tawi la draiva (programu inayoendesha kadi) linalosasishwa mara chache. Zaidi ya hapo kuna RX 580 zinazoitwa 2048SP, ambazo ndani yake ni chipu iliyopunguzwa yenye nguvu za RX 570. Mbili kati ya nilizoonyeshwa zilikuwa hizo, na matangazo yao hayakusema.

GTX 1060 ya gigabaiti 3: jina ni la 1060 lakini si kumbukumbu tu iliyokatwa. Ina vitengo 1,152 vya hesabu badala ya 1,280 vya ile ya gigabaiti 6. Hapana.

RTX 3050 nayo ina sura mbili. Ya gigabaiti 8 ina vitengo 2,560 na njia ya kumbukumbu ya biti 128. Ya gigabaiti 6 ina 2,304 na biti 96. Hii ya pili hula wati 70 tu na haihitaji waya wa ziada, kwa hiyo ni dawa ya mtu mwenye kompyuta ya ofisi yenye pawa saplai isiyobadilishika. Mimi si huyo mtu.

Nikamalizia kwa RX 6600 ya mtumba, mafungu 33. Gigabaiti 8, wati 132, plagi moja ya pini 8. Nayo haina mistari yote 16: ina 8, kwa hiyo kwenye B450 inapata njia ya gigabaiti 8 hivi kwa sekunde. Tofauti yake na 6500 XT ni kwamba kumbukumbu yake haijai haraka, basi njia haigeuki foleni. Dosari yake niitaje pia: mwishoni mwa 2025 AMD ilitangaza kuzitenga kadi za vizazi vya RDNA 1 na RDNA 2, hii ikiwemo, kwenye tawi lake la draiva. Baada ya watu kulalamika ikasema zitaendelea kuhudumiwa. Nimelikubali hilo nikijua.

Jinsi nilivyoikagua: sikubali kadi iliyozimwa. Nilitaka niione ikiwa ndani ya mashine ya muuzaji. Nikafungua GPU-Z (programu inayosoma habari za kadi) kulinganisha idadi ya vitengo (1,792), aina ya kumbukumbu na upana wa biti na ile inayojulikana ya modeli hii, kwa sababu kadi za bandia huandikiwa BIOS ya jina kubwa juu ya chipu ndogo. Nikajaribu matundu yote ya picha. Nikaibana kwa FurMark (programu ya kuichosha kadi) kama robo saa nikitazama madoa, mistari na feni inayokwaruza. Kuhusu kama ilichimba sarafu za kidijitali, sikuuliza, kwa kuwa jibu huwa moja. Kadi nyingi za namna hii zilimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi Septemba 15, 2022. Kinachochoka kwenye kadi ya uchimbaji ni feni, pesti na pedi za joto, na hivyo vinabadilishika.

Ilipita yote isipokuwa moja. Joto la wastani lilikuwa 76, lakini sehemu iliyo moto kuliko zote ilisoma 104. Nyuzi 28 za tofauti ni nyingi. Nikaomba bei ipungue kwa hilo, ikapungua. Nitalishughulikia.

Februari 8: Kuunga, na skrini nyeusi

Kuunga kwenyewe hakuna hadithi, ila jambo moja. Kipoozaji cha 5600 hufungwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye bati la nyuma ya bodi, kwa hiyo vile vishikizo viwili vya plastiki vya AM4 hutolewa kwanza. Ukivitoa, bati la nyuma halishikwi na kitu. Litaanguka usipoweka mkono. Laza bodi juu ya boksi lake, shika bati, kisha fungua.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi. Taa ndogo ya bodi ikasimama kwenye "CPU".

Kabla ya kulaumu prosesa, angalia umri wa BIOS. B450 zilitoka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Bodi iliyokaa na prosesa ya zamani miaka yote hiyo haina habari ya mgeni huyu. Kwenye ukurasa wa bodi, mtengenezaji huorodhesha kila prosesa na toleo la chini la BIOS linaloitambua. Kibandiko kwenye chipu ya BIOS yangu kilionyesha toleo la kabla ya hilo.

Hapa ndipo kitufe cha nyuma kililipa gharama yake. Asiyekuwa nacho itabidi aazime prosesa ya zamani ya AM4, aifunge, asasishe, kisha airudishe. Mwenye kitufe anahitaji flashi tu na mashine nyingine ya kupakulia faili.

Hata hivyo mara ya kwanza taa iliwaka kidogo ikazima, hakuna kilichoandikwa. Faili lilikuwa sahihi. Flashi ndiyo haikuwa: ilikuwa imefomatiwa exFAT, na bodi hizi husoma fomati ya FAT32 peke yake. Nikaifomati FAT32 yenye jedwali la MBR (orodha ya zamani ya sehemu za diski), nikalipa faili jina lilelile ambalo kitabu cha bodi kinalitaka, herufi kwa herufi, nikaiweka kwenye tundu lenye alama (tundu jingine lolote halifanyi kazi), nikabonyeza. Taa ikapepesa dakika kadhaa. Usiguse umeme wakati huo. Ilipozimika yenyewe nikawasha, picha ikaja.

Jambo dogo ambalo limewahi kuwazungusha wengi: waya wa skrini huchomekwa kwenye kadi, si kwenye bodi. 5600 haina grafiki ya ndani, kwa hiyo tundu la HDMI la bodi ni pambo.

Februari 12: SSD

SSD ya NVMe (aina inayopita kwenye PCIe) ya gigabaiti 500, mpya, mafungu 9. Ni PCIe 3.0, inasoma megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde. Ya 4.0 isingeleta faida kwenye bodi hii. Ya SATA (njia ya zamani ya diski) ingeishia 550, na kwa gemu tofauti ya kupakia kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko namba zinavyotisha, lakini bei zilikuwa karibu sawa. Tahadhari kwa mnunuzi: umbo la M.2 (kijiti kinachochomekwa kwenye bodi) halimaanishi NVMe. Kuna M.2 za SATA, kwa macho ni ndugu.

Baada ya kuifunga, diski kuu ya zamani ikatoweka. Haijafa. Kwenye bodi nyingi za B450, nafasi ya M.2 ikikaliwa, baadhi ya matundu ya SATA huzimwa kwa sababu yanagawana njia. Nikahamisha waya kwenye tundu la kwanza, ikarudi.

Februari 21: RAM, mahali kanuni ilipokwama

Kulingana na kanuni, RAM ingeanza ndogo: kijiti kimoja cha gigabaiti 8, DDR4-3200, kingine kifuate pesa ikipatikana. Mafungu 7, kitu ambacho peke yake kimekaribia kumaliza fungu zima la RAM, maana bei ndiyo hiyo ya msimu huu.

Mashine ilifanya kazi, ila vibaya. Counter-Strike 2 ilikuwa inaonyesha wastani mzuri wa fremu, halafu kila moshi ukitupwa au watu wakikutana picha inasita. Wastani hudanganya hapa. Kinachouma ni zile fremu chache zinazochelewa.

Sababu si gigabaiti 8 peke yake. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye chaneli yake, vinapitisha 51.2. Kwa hiyo aliyenunua kijiti kimoja hakununua nusu ya ukubwa tu, amenunua na nusu ya kasi, na prosesa ya mafungu 17 inakaa ikisubiri. SSD ndogo ni ndogo tu, haipunguzi kasi ya mwenzake. RAM moja inapunguza. Kwa hiyo kanuni yangu inahitaji nyongeza: kifaa kinachofanya kazi kwa jozi kinunuliwe kwa jozi.

Nikatafuta kijiti cha pili, mtumba, mafungu 6. Cha chapa ileile sikukipata, nikachukua cha chapa nyingine chenye namba zilezile: 3200, CL16 (kipimo cha kuchelewa kujibu), volti 1.35. Nikaviweka kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Nikawasha XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake ya kibandiko). Windows ikafunguka, nikafurahi mapema. Gemu ikaanza kujifunga yenyewe bila onyo.

MemTest86 (programu ya kupima RAM) ilitoa makosa ndani ya mzunguko wa kwanza. Nikajaribu kila kijiti peke yake kwa 3200: safi vyote viwili. Kwa pamoja, makosa. Hiyo ndiyo tabia ya viwili visivyozaliwa pamoja: namba za kwenye kibandiko zinafanana, lakini chipu za ndani zinatofautiana na zile namba ndogo ambazo hazijaandikwa kokote hazipatani.

Kupandisha volti kidogo hakukusaidia. Kulegeza hadi CL18 kulipunguza makosa bila kuyamaliza. Kushuka hadi 2933 kwa CL16 kuliyamaliza, na nikaiacha MemTest86 ikeshe kuthibitisha. Nimepoteza asilimia 8 ya kasi ya karatasi, nikapata 46.9 badala ya 51.2, bado ni karibu maradufu ya pale nilipokuwa. Kusita kwa picha kumeisha.

Jozi iliyofungwa kiwandani ingeniondolea kazi hii yote. Siku niliyoiulizia ilikuwa mafungu 15. Nimetumia 13.

Na mwenye RAM nzuri ahakikishe XMP imewashwa kweli. Bila hiyo DDR4 hukimbia 2133, 2400 au 2666, na BIOS ikisasishwa mpangilio huo hurudi mwanzo kimyakimya.

Machi 1: Windows na ile kadi kufunguliwa njia

Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, kwa hiyo ni Windows 11 au Linux. Linux ningeipenda. Proton ya Valve inaendesha gemu nyingi za Windows humo bila shida. Kinachonizuia ni programu za kuzuia udanganyifu: gemu ya Valorant kwa mfano haifanyi kazi Linux, na hata kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za mashine) ziwashwe.

Nilihamisha mfumo kutoka diski ya zamani badala ya kuusimika upya. Ulifunguka, lakini Resizable BAR haikukubali kuwaka. Mpangilio huo humruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja badala ya vipande vya megabaiti 256, na kadi za AMD hunufaika nao kwenye gemu kadhaa. Unataka CSM (mtindo wa zamani wa kuwasha mashine) izimwe. Nikaizima, diski ikasema haina mfumo.

Diski ya zamani ilikuwa MBR na nakala ikarithi. UEFI tupu (BIOS ya mtindo mpya, bila CSM) hutaka GPT, jedwali lililoifuata MBR. Nikarudisha CSM, nikafunguka Windows, nikatumia mbr2gpt iliyomo ndani yake (hakiki kwanza kwa amri ya validate, na uwe na nakala ya mafaili yako), nikazima tena CSM, nikawasha fTPM (TPM iliyomo kwenye prosesa) na Resizable BAR. Zote zikakubali. Anayesimika upya haya yote hayamhusu, afute diski tu.

Skrini ilikuwa inakimbia herzi 60 muda wote huu. Windows haiipandishi yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya onyesho uchague 144.

Machi 7: Joto

Kadi kwanza. Skrubu nne za nyuma ya chipu, nikaitenganisha taratibu nisizichane pedi za kumbukumbu. Pesti ilikuwa kavu kama chaki, na upande mmoja chipu ilikuwa karibu uchi. Nikasafisha kwa spiriti isiyo na maji, nikapaka mpya, nikafunga skrubu kwa msalaba, kila moja kidogokidogo. Matokeo: wastani 72, sehemu iliyo moto kuliko zote 88. Pesti, fungu 1.

Halafu kasha. Uso wake wa mbele ni kioo kizima na hewa inapita kwenye upenyo wa pembeni tu. Nikaitoa hiyo sura ya mbele ili nipime: prosesa ikashuka kutoka 84 hadi 77 kwenye gemu ileile, kadi ikashuka nyuzi 5 na feni zake zikanyamaza. Feni moja ya mbele iliyokuwepo ilikuwa inavuta kioo. Nimeongeza feni mbili, moja mbele na moja nyuma, mafungu 2, na uso wa mbele nimeuegemeza kwa vipande vya mpira ili upenyo upanuke. Si pazuri kuangalia. Kasha lenye wavu mbele lingekuwa mafungu mawili zaidi na hadithi hii isingekuwepo.

Kama itabidi ung'oe kipoozaji cha AM4, wacha mashine ifanye kazi kidogo ipate joto, izime, kisha zungusha kipoozaji kulia na kushoto kabla ya kuvuta. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa, na pesti baridi huing'oa nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa.

Machi 15: Hesabu

Kadi 33, prosesa 17, RAM 13, pawa saplai 10, ubao mama 9, SSD 9, kasha 5, feni 2, pesti 1. Jumla 99. RAM peke yake imezidi mpango kwa mafungu 5, zaidi ya akiba yote.

Ulinganifu na mpango wa mwanzo: nilichookoa kwenye kadi na ubao wa mtumba ndicho kilicholipa RAM na pawa saplai. Vingekuwa vipya vyote, kadi ingeshuka daraja hadi 6500 XT, na mmeshaona ile njia yake.

Gemu za hadithi ninazocheza zinashika fremu 60 kwenye mipangilio ya juu, chache zinataka kivuli kishushwe ngazi moja. Counter-Strike 2 inakaa juu ya 144 muda mwingi, nami nimeifungia fremu hapo hapo ili kadi isichome umeme bure.

Aprili 4: Nyongeza fupi

Mashine haijajizima wala kufunga gemu tangu RAM iliposhuka 2933. SSD imebaki na gigabaiti 60, kwa hiyo ununuzi unaofuata ni wa hifadhi, na bodi ina nafasi ya pili ya M.2. Nimesoma kitabu chake kwanza: hiyo ya pili ni PCIe 2.0, mistari minne, na inazima matundu mawili ya SATA. Gemu zinaweza kukaa humo bila shida. Mfumo utabaki kwenye ya kwanza.